Siku Mama Mkwe Alipobadilisha Maji

Mtu akikwambia Kitale hakuna udongo, mpime joto. Hapa ukiangusha punje ya mahindi kando ya njia, utarudi uikute imeota. Sasa jirani yangu Wekoye, ambaye mimi humwita Baba Ian, alikaa katikati ya udongo huo wote akaamua kupanda mboga ndani ya mabomba ya plastiki. Maji matupu. Mchanga hata wa kutia jichoni hakuna. Nilipomwuliza kama anaumwa, aliniangalia kwa huruma, akasema, "Mama Ivy, hii ndiyo kilimo ya kisasa."

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko verandani, na veranda yangu inatazamana na yake, kwa hivyo maisha ya huyu bwana nimeyaona yote bila kulipa kiingilio. Alikuwa karani wa stoo kule Bungoma mpaka kampuni ikafungwa, akaja Kitale kumfuata mkewe Edinah, ambaye ni mwalimu. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu hata fungu lake likabaki la kuanikia nguo. Akafuga kuku, wakafa kwa kideri. Akakodi shamba akapanda matunda ya damu, yale mekundu ya juisi, mwenye shamba akayaona yamechanua vizuri, akataka shamba lake. Ndipo akaleta mabomba.

Na mboga za kwanza za mabomba pia zilikufa, nisikufiche. Kuna mbolea mbili za maji anazotumia, moja inaitwa A na nyingine B, na yeye kwa haraka zake alizimimina pamoja kwenye kikombe kimoja. Zikagandana kama maziwa yaliyoharibika, na mboga zikafa njaa huku zikiwa zimesimama majini. Edinah ni mpole sana, lakini siku hiyo upole ulimwishia. Alimwambia mumewe wazi, mimi nikisikia: hizi nyingine zikifa, tunahama Sirisia kwa mama, atatukatia kipande tulime.

Wewe huenda usione ubaya. Lakini Wekoye ni Mbukusu, na kwao mwanamume akienda kulima kwa wakwe zake watu hawamcheki usoni. Wanangoja apite. Baba Ian aliacha hata kula vizuri. Alizilinda zile saladi zake kama mtoto mchanga, na kweli zikashika, zikajaa, mpaka Divya mwenye mkahawa pale mjini akasema atazichukua zote Jumamosi.

Basi ikawa Ijumaa, siku ya kubadilisha maji. Kazi yenyewe si ngumu. Unazima pampu, unamwaga maji ya zamani, unaosha tangi, unajaza maji mapya, unatia mbolea, unawasha. Ila wakati huo wote mizizi inaning'inia ndani ya mabomba haina cha kunywa, na jua la mchana halina huruma. Ukichelewa, mboga zinalala. Ukichelewa zaidi, haziamki tena.

Baba Ian alikuwa ameshatoa maji yote ya zamani, yako kwenye ndoo. Amejifunga leso ya mkewe kiunoni ili suruali isilowe, anasugua tangi huku akiimba. Geti likalia.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Kukhu Nekesa, yaani Bibi Nekesa, mama yake Edinah, ametoka Sirisia bila kumwambia mtu. Kichwani kitambaa, mkononi kikapu, na begani jembe jipya kabisa, mpini wake bado mweupe. Mimi nikiwa kwenye cherehani nilielewa lile jembe ni la nani. Hata Baba Ian alielewa.

Na kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali meza moja, wakionana njiani mmoja anaingia vichakani. Baba Ian hakuwa na kichaka. Aliruka ndoo mbili, akajitupa ndani ya stoo ndogo ya pale verandani, akavuta mlango. Sijawahi kuona mtu mzima akikimbia hivyo akiwa na leso.

Kukhu akanisalimia vizuri, akaegemeza jembe ukutani, akavuta kigoda na kukiweka wapi? Mbele ya tangi, hatua chache kutoka mlango wa stoo. Akaketi.

Simu yangu ikalia.

"Mama Ivy," sauti inanong'ona.

"Uko wapi?"

"Si umeniona nikiingia! Mama Ivy, mizizi inakauka. Niokoe, bana."

"Toka basi."

"Nitoke na leso? Hata ningekuwa na suti, nitatokaje?"

Nikampigia Edinah, simu imezimwa, yuko darasani. Nikamwambia Kukhu, twende kwangu nikupikie chai, jua ni kali. Nilidhani nina akili.

"Sijatoka Sirisia nikae kwa jirani," akasema. "Nitangoja mtoto yangu hapa hapa."

Nilitazama zile saladi. Majani ya pembeni yalikuwa yameshaanza kulegea. Nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza, wateja wangu wana midomo, na mimi hizo mboga za mabomba sikuwahi kuziamini hata siku moja. Lakini nilimkumbuka yule mtu alivyoacha kula. Nikaacha cherehani nikiwa na hasira, nikavuka, nikaweka simu kwenye spika juu ya meza.

"Haya, sema. Nifanye nini?"

"Jaza tangi," simu ikanong'ona, na mlango wa stoo nao ukanong'ona hayo hayo, kwa maana sauti ilikuwa inapita kotekote. "Maji ya lile pipa la buluu. Usichukue ya mfereji, ina dawa."

Kukhu hakugeuka. "Huyo ni nani anaongea?" akauliza.

"Ni… simu, Kukhu."

"Ahaa. Simu." Akauangalia mlango, akautazama muda. "Iambie hiyo simu kwamba wewe hujui kubeba ndoo. Lete hapa."

Akaninyang'anya ndoo. Yule mama ana umri wa kubebewa, lakini alijaza tangi mimi nikiwa bado natafuta pa kushika. Nilipotaka kumwaga ndoo za maji ya zamani kwenye mtaro, akanipigia kelele kama mtoto. Akainusa ile ndoo, akasema maji yenye chakula hayamwagwi, akayapeleka yote kwenye kunde za Edinah pale kwenye ua. Halafu akarudi kwenye mabomba, akashika saladi moja shingoni, akaing'oa kutoka kwenye kikombe chake.

Ndani ya stoo mtu akapiga yowe.

"Mwambie arudishe!" simu ikalia. "Mama Ivy, mwambie, tafadhali, hiyo ni ya Divya!"

"Kukhu, simu inasema…"

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Alikuwa ameinua mzizi juani, mweupe, mrefu, unaning'inia. Aliupitisha katikati ya vidole pole pole. Nilimwona uso ukibadilika. "Hii mzizi ni nzima," akasema kwa sauti ndogo, akairudisha mboga mahali pake kwa mikono miwili.

Sasa ikabaki mbolea. Nikashika chupa zote mbili niziminye pamoja niende zangu, na stoo nzima ikapiga kelele, "Hapana!"

"Hapana nini? Unanitisha!"

"A kwanza," akasema, sasa hata kunong'ona amesahau. "Weka A, koroga mpaka ipotee kwenye maji. Ndio uweke B. Zinakaa tangi moja na zinalisha mboga moja, lakini zisikutane hivi hivi. Zikikutana bila maji mengi katikati, zinaharibikiana. Ndivyo zile za kwanza zilikufa."

Kukhu akaninyang'anya chupa. Akatazama chupa ya A. Akatazama chupa ya B. Akageuza kichwa akatazama mlango wa stoo.

"Kumbe hata dawa zina ukwe," akasema.

Mimi nilicheka nikakaa chini sakafuni. Na ndani ya stoo mtu naye akaangua kicheko, kisha akakumbuka yuko wapi, akajifanya kukohoa. Kukhu alitikisa mabega, lakini uso hakuufungua. Akaweka A, akakoroga. Akaweka B, akakoroga. Mtu aliyesoma kijitabu kizima cha hayo mambo alipoteza mboga zote kabla ya kuelewa, na huyu alielewa kwa neno moja kwa sababu ameishi nalo maisha yake yote.

"Mama Ivy, iambie simu iwashe," akasema, kwa kuwa waya wa pampu ulipita chini ya mlango, na swichi ilikuwa huko ndani.

Pampu ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Maji yakaanza kupita mabombani. Kukhu alirudi kwenye kigoda, akakubali chai yangu hatimaye, na tukangoja. Majani hayakuamka upesi. Alikunywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Kisha saladi moja ikainua kichwa. Ya pili. Safu nzima.

Kukhu akainuka, akachukua jembe pale ukutani.

"Mama Ivy," akasema, kwa sauti ya kufika ndani bila simu, "mwambie yule mtu nilikuja na hii jembe. Kule Sirisia wanasema mkwe wangu amekuwa mtu ya kucheza na mabomba. Nilikuja kumchukua aje alime kwangu."

Mimi mwenyewe nilitaka kulia.

"Mwambie jembe nitarudi nayo. Yeye ako na shamba yake."

Nikasikia mtu akipenga kamasi nyuma ya mlango, mara ya kwanza, mara ya pili. Kukhu aligeukia kunde, akaziangalia sana, mpaka ile sauti ikaisha.

Jumamosi Baba Ian alipeleka saladi kwa Divya, amevaa suruali. Ningeishia hapo kama Kukhu angeniruhusu. Lakini alipokuwa akitoka getini siku ile alisema mgongo wake umekataa kuinama, na yeye pia anataka mabomba kwenye veranda yake. Sasa maji ya Sirisia yakibadilishwa, Baba Ian anakaa nyuma ya jiko, Kukhu anakaa mbele ya tangi, na mimi, nimeacha nguo za watu Kitale, nasimama katikati na simu kwenye spika. Nalalamika sana, na naenda. Juzi jirani mmoja wa kule akamwuliza Kukhu mimi ni nani katika hiyo familia.

"Huyu?" akasema. "Huyu ndiye maji."