Theluji ya Bure

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua Makambako, ikiwa imeshatumika, kwa Alhaji mmoja aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme karibu na stendi. Niliipakata ndani ya basi mpaka Njombe na sikumruhusu kondakta aiguse. Ilikuwa miaka ile ambayo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa na kila mtu alikuwa anaingiza kitu. Mimi, mwalimu wa sekondari mwenye simu ya mezani nyumbani, nilijiona nimechelewa kuingiza cha kwangu.

Sababu niliyompa mke wangu ilikuwa nzuri. Baba yangu, mzee wa kanisa mstaafu aliyehamia kwetu baada ya mama kufariki, ndiye pekee aliyebaki katika ukoo akijua nani kazaliwa na nani, nani kazikwa wapi, na nani hakuzikwa kabisa. Ndugu walikubaliana nimwandike, kisha nisome mbele ya wote siku ya mkutano wa ukoo. Nikasema kwa kalamu nitachelewa. Ukweli nilitaka kompyuta, na baba nikamfanya kisingizio.

Kila Jumamosi mchana alikaa kwenye kiti chake, jiko la mkaa miguuni, akasimulia kwa Kibena huku mimi nikichapa kwa Kiswahili kwa vidole viwili. Akifika mahali pagumu alifumba macho akatafuta jina. Mimi sikumsubiri, niliutumia mwanya huo kuingia kwenye intaneti. Modemu ilipoanza kulia, baba alinyamaza kwa heshima mpaka imalize, akidhani ni sehemu ya kazi.

Hapa lazima niyataje malezi yangu, ingawa hayanisafishi. Kwetu mgeni akibisha hodi humuulizi anataka nini. Unamkaribisha, unamtolea kiti, mnasalimiana mpaka habari za mahindi na mbuzi, ndipo unauliza kilichomleta. Basi kila kidirisha kilichochomoza kwenye kioo cha kompyuta na kuniuliza kwa adabu kama ningependa kuweka programu fulani, nilibonyeza ndiyo. Kubonyeza hapana niliona ni ujeuri, hasa kwa mtu aliyetoka mbali namna ile. Tena kilikuwa Kiingereza, lugha ya mkuu wa shule na afisa elimu, na mimi Kiingereza kikinijia kwa maandishi huwa natekeleza.

Ndivyo nilivyopakua theluji. Ilikuwa picha ya kupamba kioo, ya bure, chembe nyeupe zinashuka polepole juu ya mipaini. Nje umande ulikuwa umeganda juu ya majani, mimi nimevaa makoti mawili, nami nikaona kinachokosekana Njombe ni baridi. Niliipenda kiasi kwamba nilitaka mwalimu mwenzangu wa Makambako naye aipate. Disketi niliyokuwa nayo ilikuwa moja, ile yenye nakala ya habari za baba. Nikaifuta, nikaweka theluji, nikampelekea. Kwenye kompyuta si yamo, nikajiambia.

Theluji haikuja peke yake. Juu ya kioo pakatokea mkanda wa vitufe ambao sikuuomba, wiki iliyofuata mwingine chini yake, hata nikawa naandika habari za babu zangu kwenye kieneo chenye upana wa kiganja. Nikifungua intaneti napelekwa kwenye kamari. Mke wangu aliuliza kama ndivyo inavyotakiwa kuwa. Nikamjibu, kwa sauti ya darasani, kwamba kompyuta inakua.

Siku moja mchungaji alikuja kututembelea na wazee wawili. Mke wangu akajivuna kidogo, akafunua kile kitambaa cha kufuma tulichokuwa tunaifunikia, akaniambia, "Baba, hebu mwonyeshe mchungaji kazi ya ukoo." Nikawasha. Kabla ukoo haujatokea, akatokea dada mmoja mwenye nguo chache sana kwa hali yetu ya hewa, akisema ana hamu ya kuzungumza nami. Nikimfunga huyu, anafunguka mwenzake. Mchungaji aliangalia dari, akasifu mbao zake. Baba akasogeza miwani.

"Huyu naye ni wa ukoo gani?" akauliza kwa Kibena.

Mke wangu alirudisha kitambaa kwa nguvu iliyotosha kuangusha kioo, na baada ya hapo sikualikwa kuonyesha chochote.

Miezi miwili kabla ya mkutano baba alipata kiharusi. Tulipomrudisha kutoka hospitali alikuwa anasikia na kuelewa kila kitu, lakini ulimi ulikuwa umemfunga. Ndugu waliokuja kumwona walinishika mkono mmoja mmoja. "Afadhali ulimwandika, kaka," walisema. Nami nilikubali sifa hizo, tena kwa unyenyekevu wa kujifanya.

Kwa mara ya kwanza nikaogopa. Kompyuta ilikuwa inachukua nusu saa kuamka. Nilikuwa nimekaa mbele yake nikiiomba ifungue habari za baba, kikachomoza kidirisha chekundu: kompyuta yako imeambukizwa, kila ulichohifadhi kiko hatarini, bonyeza hapa usafishiwe bure. Sijawahi kumshukuru mgeni kama nilivyomshukuru yule. Nikabonyeza. Alisafisha kweli. Kesho yake jina la faili lilikuwepo, na nilipolifungua ndani palikuwa na mistari ya alama zisizosomeka.

Nikaipakata tena mpaka Makambako. Alhaji na fundi wake waliikagua tangu asubuhi, mimi nimeketi kwenye kibao kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Mwalimu," alisema Alhaji, "humu wamejaa mpaka uvunguni. Nani aliwafungulia?"

"Walibisha hodi, Alhaji."

Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniona usoni akaacha. "Subhanallah. Palikuwa na kitu cha maana?"

Nikamwambia.

"Na disketi? Hukuweka nakala?"

Nilishindwa kumwambia kuhusu theluji. Nilisema ilipotea. Fundi akafuta kila kitu, na nikarudi Njombe na mashine nyepesi kama ilivyotoka kiwandani.

Baba nilimweleza siku hiyohiyo. Niliona aibu hata ya kumsalimia kwa Kibena, kamwene. Hakukasirika, alinyoosha mkono mzima, akaonyesha daftari. Basi tukaanza upya: mimi nataja, yeye anakubali au anatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipogundua hasara yenyewe. Nilikuwa nimechapa Jumamosi zote zile bila kumsikiliza. Vidole vilipokea, kichwani hamkubaki kitu.

Kwa msaada wa shangazi na mawe ya makaburini tuliokoa mengi. Tulikwama kwa mtoto wa saba wa babu, msichana aliyefariki kabla hajajua kutembea. Baba ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni, na hakuna mwingine hai aliyewahi kumwona. Kila jina la Kibena nililolijua nilimtajia. Alitikisa kichwa. Alijaribu kulitamka mwenyewe, ikatoka sauti, nikasogeza sikio mpaka mdomoni, sikuambulia kitu. Alilia, nami nikalia.

Siku ya pili nikarudia orodha nzima. Nilipofika katikati, akaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jina ambalo jana yake alilikataa mara mbili. Alinitazama muda mrefu, kisha akafumba macho, na nikajua amenihurumia.

Nikaliandika. Nikalisoma mbele ya ukoo wote, baba akiwa kaburini tayari, na watu wakafurahi kwamba hata yule mdogo hakusahaulika. Tangu hapo wasichana wawili wamezaliwa kwetu wakapewa jina hilo. Wakija kuniamkia nawaitikia kwa jina lao, na mpaka leo sijawaambia wazazi wao.