Mfalme Niliyemkaba Gizani

Mimi hufundisha fasihi huku Makongeni. Juzi tuliwaigizia wazazi tamthilia ya zamani ya Kiingereza ambamo mfalme anauawa akiwa amelala. Giza humo ni ishara ya uovu, na muuaji nilikuwa mimi, basi nikaagiza mapazia ya madirisha yafungwe na taa zizimwe kabisa. Mwanafunzi aliyeigiza mfalme alipaswa kukoroma ili nimpate. Nikanyata, nikasikia mkoromo mzito, nikajisifu moyoni kwamba kijana nimemfunza vizuri. Nikamkaba koo. "Kufa, mfalme!"

Taa zikawashwa.

"Ticha, mimi niko huku!" mfalme akaita kutoka kitandani.

Niliyemkaba, kwenye kiti cha mbele cha watazamaji, alikuwa mkuu wa shule, ndiyo kwanza anaamka.

"Mwalimu," akauliza kwa shida, "nimekukosea nini?"