Kopo la Poda Nililoliosha

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kosa kubwa la maisha yangu ni usafi. Matanga ya mama yalipokwisha, majirani wakarudisha viti vya kuazima, nyumba ikabaki na mimi tu. Nilikisafisha chumba chake kama mtu anayegombana na vumbi. Mezani palikuwa na kopo lake la poda, limebaki nusu. Poda niliimwaga chooni, kopo nikaliosha kwa maji ya moto na sabuni, nikalianika juani. Baadaye nikatia humo chaki zangu. Nilijiona mwanamke hodari.

Wakati ule sikujua kwamba poda ina kesi. Nilichojua ni kile alichosema daktari wa Lubumbashi: saratani ya utando unaofunika mapafu. Aliuliza kama mama aliwahi kufanya kazi penye amianti, lile jiwe la nyuzinyuzi lililotiwa zamani kwenye mapaa na kuzungushiwa mabomba ya viwandani. Mama? Mama aliuza vitenge sokoni maisha yake yote. Baba ndiye aliyekuwa mtu wa kiwanda, naye alikuwa karani, akirudi nyumbani na shati jeupe kuliko la padri. Daktari aliyaandika hayo. Mama alikufa bila kujua ugonjwa ulimwingia kwa mlango gani, na hilo liliniuma karibu sawa na kifo chenyewe.

Miezi kadhaa baadaye nikasoma kwenye simu kwamba nchi za mbali watu wamewashtaki watengenezaji wa poda, wakidai talki yao ilikuwa na amianti ndani. Talki, jiwe linalosagwa kuwa poda, huchimbwa, na mawe hayo mawili yanaweza kulala jirani ardhini. Mtu wa Likasi, mji wetu wa migodi, hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Shaba yetu yenyewe hutoka na kobalti yake. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni, na maharage yakaungua.

Maana poda ilikuwa ndiyo harufu ya nyumba yetu. Mama alijipaka kila alipotoka kuoga, shingoni, kifuani, chini ya matiti. Sisi watoto alitupaka mpaka tukafanana na samaki waliokwisha kuviringishwa kwenye unga, wanangoja mafuta. Mgeni aliyekuja kuona mtoto mchanga hakuondoka bila kupakwa. Na aliyeshinda mtihani wa diploma ya Serikali, ule wa kumaliza sekondari, alimwagiwa kichwani, barabarani, watu wote wakiona. Siku jina langu liliposomwa redioni, mama alinimwagia kopo zima. Nilikuwa nacheka mdomo wazi. Nilikohoa, naye akanipiga mgongoni huku akicheka na kulia. Sijapata kupendwa hadharani namna ile tena.

Nikapanda basi kwenda Lubumbashi kwa wakili anayeshirikiana na wenzake wa ng'ambo katika madai kama haya. Nilikuwa nimelifunga kopo kwenye kitambaa. Akalifungua, akaona vumbi jeupe chini, uso wake ukachangamka.

"Mama, hii njo pudre yenyewe?"

Ningeweza kunyamaza. Nakiri nilitamani.

"Apana," nikasema. "Ni chaki."

"Na pudre iko wapi?"

"Miye niliimwanga mu choo."

Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Alinieleza polepole kwamba kopo tupu lingeonyesha tu jina la poda, lisionyeshe kilichokuwa ndani yake. Upande wa pili watasema ni vumbi la mgodi wa Kamatanda, ni nguo za baba, ni paa la jirani. Angeandika barua, lakini nisikae kungoja. Sikuwa nimefuata mali. Nilitaka karatasi yenye muhuri, nirudi nayo mtaani, ili mtu mwingine zaidi yangu awe amesema kwamba poda ile si ya kuchezea.

Kwa sababu mtaani hakuna aliyenisadiki. Nilianza kanisani: nikiona shingo nyeupe kwa poda mbele yangu, namgusa bega mwenye shingo, namnong'oneza. Sina ulimi wa asali. Namnong'oneza kama ninavyosahihisha daftari. Haikupita muda benchi langu likawa na nafasi ya kutosha kulaza mtu. Nyumbani nilizungumza na redio, na umeme ukikatika nilizungumza na kopo. Upweke si kukosa watu, Likasi watu wamejaa. Ni kuwa na jambo moja la kusema na kuona kila mtu anaangalia pembeni.

Kisha matokeo ya mtihani yakatoka. Binti wa jirani yangu, niliyemfundisha hesabu mwaka mzima kwenye baraza langu, alipata ujumbe kwenye simu: ameshinda. Mama yake akaja mbio, nyuma yake kundi linaimba, mkononi kopo jipya la poda.

"Madame, weye njo utamumwangia wa kwanza! Bila weye huyu mutoto angeanguka!"

Nilitamani sana kulipokea. Mikono yangu ilikwisha kuinuka.

"Mumumwangie maji," nikasema. "Pudre apana. Inaingiaka mu mapafu."

"Ah, Madame! Tokea zamani tunamwangaka pudre. Nani alikufaka?"

"Mama yangu."

Wimbo ukakatika. Jirani alinitazama, nikaona huruma inakuja na hasira inaipita.

"Leo ni siku ya furaha ya mutoto. Mambo ya matanga, uache mu nyumba yako."

Akamimina kopo lote. Msichana alifumba macho na kufunga mdomo, hakucheka. Wakaondoka naye wakiimba, weupe wote, na baraza langu likabaki kama limenyeshewa unga. Nilinyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, nikafagia nimepiga magoti. Nililia, nasema wazi. Nililia kwa sababu kama ningelimwaga lile kopo, ningekuwa nami naimba pale barabarani.

Jua lilikuwa bado halijazama mlango ulipogongwa. Alikuwa yule msichana, peke yake, na sahani iliyofunikwa ya bukari, ugali wetu, na kuku. Nywele zilikuwa zinadondosha maji mabegani.

"Madame, nilioga mara mbili. Na nguo nilitia mu maji."

"Mama yako anajua?"

"Apana. Nilimwambia ni joto."

Nikaiweka sahani chini, nikamkumbatia. Mara mbili hazikutosha. Katikati ya nywele zile, chini ya sabuni, harufu ilikuwa bado ipo: mama anatoka kuoga, anaimba, ananiita nimfunge kitenge. Nilijua la kufanya: poda haivutwi puani. Mtaa mzima ulikuwa umechoka kunisikia nikilisema. Niliingiza pua yangu katika nywele za mtoto yule, nikavuta pumzi mpaka mwisho.