Vyura Sebuleni kwa Baba Mkubwa

Nilikuwa natoka Igunga, kwenye majaruba ya mpunga, na ndoo ya vyura. Baba mkubwa anaishi Tabora mjini, nikapitia kwake nilale, kesho yake niendelee na safari ya chuoni. Ndoo niliiweka bafuni, nikaifunika kwa kitambaa kibichi.

Siku hiyo alikuwa na wageni, wenzake wa msikitini, wanakula pilau mkekani. Akaniita nisalimie.

"Huyu ndiye daktari wetu," akasema.

Amekuwa akisema hivyo tangu nianze masomo ya juu, nami sikuwahi kumsahihisha. Nilipenda kuitwa hivyo.

Mzee mmoja akapandisha kanzu anionyeshe kidonda cha mguu. Kabla sijajibu, chura akaruka kutoka upande wa bafuni, akatua kando ya sinia. Wa pili akafuata. Nadhani aliyeingia kunawa alikisogeza kile kitambaa.

Mama mkubwa akaja na ufagio. Yule mzee akamzuia. "Usimpige, mama. Chura hauawi, Mtume amekataza."

Nikatambaa mkekani mbele ya wanaume wale, nikiwakamata vyura mmoja mmoja.

"Ni wako?" baba mkubwa akauliza.

"Ni wangu, baba. Ndio ninaowasoma."

Ikabidi nieleze. Chura anaishi kwenye matope yaliyojaa vijidudu, ngozi yake laini na mbichi daima, lakini haiozi ovyo. Hutoa ute wenye vipande vidogo vya protini vinavyotoboa vijidudu. Vijidudu hubadilika kizazi hadi kizazi, na vyura nao; wale ambao ute wao uliwakinga ndio waliobaki wakazaa. Ndiyo maana aina nyingi za vyura, kila moja ina mchanganyiko wake wa vipande hivyo.

"Basi huo ute utanitibu?" mzee akauliza.

"Bado, babu. Vipande vingine hudhuru hata damu ya mtu. Nenda hospitali wakakisafishe hicho kidonda."

"Kwani wewe si daktari?"

"Si wa watu."

Hakuna aliyerudisha mkono kwenye sinia. Baba mkubwa aliangalia chini mpaka wageni wakaaga.

Nilimwomba radhi.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningewaambia unasoma vyura, kuna ubaya gani? Sasa nimekuwa mwongo kwa watu wangu."

Hadi leo nikimpigia simu huniuliza afya, huniuliza mvua. Kazi haiulizi, na mimi sina uso wa kuitaja.