Vigae vya Shemeji

Nilikaa kisiwani Nosy Be miezi miwili nikimuuguza mama yangu. Fleti yetu ya Mahajanga, vyumba vitatu ghorofani, niliiacha kwa mume wangu, mama yake na watoto wetu wanne. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Niliporudi, sikuitambua.

Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa fundi wa kupamba hoteli za watalii kule Ambatoloaka. Nilipokuwa sipo, alikuja kututengenezea nyumba, zawadi kwa mdogo wake. Alibomoa ukuta wa chumba cha watoto ili sebule iwe pana, akaijaza makochi meupe na kabati la vioo. Jiko alilitupa nje kwenye roshani, juani. Watoto wangu walikuwa wanalala mikekani kwenye korido. Mlangoni mwa bafu, ambamo ndimo kilimo choo, alijenga kidato kirefu cha vigae vya buluu.

"Sasa wakija wageni hamtaona aibu," aliniambia.

"Wageni gani, shemeji?"

Alicheka, akadhani natania.

Jioni ile nilimpelekea mama mkwe maji. Nyonga ilikuwa inamsumbua, alitembea kwa kushika kuta. Alikisukuma kikombe. Watoto tulisema nao Kimalagasi, lakini mimi na yeye tulizungumza Kikomoro, na kwa Kikomoro aliniambia polepole, "Siku hizi nikishakula mchana sinywi, mwanangu. Kile kidato sikiwezi. Naona haya kuwaita wanaume wanibebe."

Nilihisi kichwa kinawaka. Wanaume wawili wazima walikiruka kidato kile kila siku, wakisifu rangi yake.

Nilimwambia mume wangu.

"Kaka ndiye anayejua," alinijibu. "Ni kazi yake."

"Kazi yake ni hoteli! Mtu analala siku tatu anaondoka. Hapa kuna mtu anazeeka."

Ijumaa, walipokwenda kuswali, niliazima nyundo na patasi kwa jirani wa chini, nikapiga magoti na kukivunja kile kidato. Binti yangu mkubwa alizoa vipande kwa ndoo. Shemeji alirudi akanikuta bado napiga.

"Unavunja kazi ya mikono yangu?"

"Ndiyo kwanza naanza."

Aliondoka siku ileile. Makochi yake tuliyasukuma roshanini, jiko likarudi ndani. Mume wangu hakusema nami wiki tatu. Kisha Jumapili moja alileta mbao bila kuulizwa, akasimama kama mtu anayengoja kuamriwa. Nikaamrisha. Tulitenga sebule kwa ukuta wa mbao unaofika mabegani, upepo wa bahari uwafikie watoto vitandani. Meza ya jikoni tuliifupisha miguu ili mama mkwe achambue mchele akiwa ameketi. Kwamba alikosea, mume wangu hajalisema mpaka leo, nami sijaacha kulingoja.

Mama mkwe aliishi nasi miaka sita zaidi. Siku ya maziko yake shemeji alikuja, akauangalia ule ukuta wa mbao mbele ya watu waliokuja kutupa pole.

"Mmeiharibu nyumba," alisema.

Nilikuwa na birika la kahawa mkononi. Nililiweka chini kwanza, maana nilijijua.

"Keti unywe kahawa, shemeji," nikamwambia, "au toka."

Akaketi. Sikummiminia, alijimiminia mwenyewe.