Ng'ombe wa Msiba wa Masele

Kwa miaka kumi na tisa, hakuna ng'ombe aliyeingia sufuriani pale Mwabasabi bila kupita kwenye kisu cha Akida. Mwabasabi ni kijiji cha wachimbaji, nje kidogo ya Geita, na watu wake wametoka kila pembe ya nchi kuifuata dhahabu: wa kanisani, wa msikitini, na wale ambao dini yao ni kuamka na kulala. Utaratibu haukuandikwa popote. Awe ng'ombe wa bucha, wa harusi au wa msiba, Akida anachinja, kisha wote wanakula sinia moja, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nasema ugonjwa ulianzia hapo hapo. Watu walizoeana, wakadhani wanajuana.

Akida ni Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mwenye maneno mengi. Rafiki yake alikuwa Masele, Msukuma mrefu kama mlingoti, aliyechimba mawe ujana wake wote kabla hajaanza kununua ng'ombe minadani Shinyanga na kuwauza huku. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, na hawa wawili utani waliufanya kazi ya kila asubuhi. Masele akipita na ng'ombe wake mlangoni kwa Akida lazima asimame.

"Mzaramo! Bado umelala? Huku hakuna nazi, utakufa njaa."

"Pita, Msukuma. Wewe ukiona ng'ombe unasahau hata jina la mkeo."

Mke wa Masele, Sesilia, alikuwa akiwasikia na kutikisa kichwa. Binti yao Rhoda alimwita Akida baba mdogo, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi mwaka jana akaja Chacha, mtu wa Mara, akafungua bucha ya pili sokoni na kuchinja mwenyewe. Weee! Kijiji kilichemka. Wapo waliosema afungiwe, wapo waliosema kwani kisu kina msikiti? Mkutano ukaitwa, watu wakapigiana kelele mpaka jua likazama, wakatawanyika na hasira zao. Kesho yake Akida alikuwa kwenye kahawa, moyo unamuuma, maana kazi yake ndiyo iliyokuwa heshima yake. Mtu akamuuliza: hao wanaokula kwa Chacha wanakula nini? Ulimi hauna mfupa. Akida akasema, "Wanakula kibudu. Na anayekula kibudu ana tofauti gani na fisi?"

Lilipomtoka tu alijua limezidi. Lakini wenzake walicheka, naye akacheka.

Neno hilo halikulala njiani. Jioni lilikuwa limeshafika kwa Masele na Sesilia, na liliwagusa wao wenyewe, kwa kuwa Rhoda alikuwa amenunua nyama kwa Chacha siku hiyo hiyo.

Tangu wiki ile Masele akawa anapita mlangoni kwa Akida bila kusimama. Anainua mkono kidogo, anaangalia chini, anakwenda. Hasemi "Mzaramo", hasemi nazi, hasemi kitu. Siku ya kwanza Akida alidhani ana haraka. Siku ya tatu akamwambia mkewe Mwahija, "Umemwona? Sasa mimi nimekuwa uchafu."

"Mfuate umuulize," Mwahija akasema.

"Nimfuate nimwambie nini? Mtu akikudharau humwulizi sababu. Hawa watu ndivyo walivyo. Miaka yote walikuwa wanatuchekea tu."

Hawa watu! Mtu uliyekula naye miaka kumi na tisa, mwanao akiugua anakesha na wewe, leo amegeuka "hawa watu". Ndivyo chuki inavyoingia ndani ya nyumba: haibishi hodi, inaingia na neno dogo hilo. Akida naye akaanza kujibu kwa kutoinua mkono. Mvua zikaja zikaisha, wanaume wawili wazima wakipitana kama magari.

Mwezi wa sita Mwahija alikwenda Ibadakuli, Shinyanga, kumwuguza binti yao Zuhura aliyejifungua. Jumatano moja asubuhi Akida akasikia kilio kutoka kwa Masele, ng'ambo ya uwanja. Jirani akapita mbio: Masele amefia hospitali, atazikwa kesho saa kumi.

Akida alikaa chini pale pale kizingitini. Alilia, tusimsingizie. Alilia mpaka kikohozi kikampata. Lakini hakwenda. Kila akisimama alisikia lile neno la fisi, akaona nyuso zitakazomgeukia. Mkewe akapiga simu.

"Umeshafika msibani?"

"Sijaitwa."

"Baba Zuhura! Tangu lini msiba ukawa na kadi? Na wewe ni mtani. Mtani haitwi."

Alisema kweli, na Akida aliijua kweli hiyo kuliko yeye. Kwa desturi yao mtani anajiendea mwenyewe. Anaingia katikati ya kilio akiigiza mwendo wa marehemu, anarukia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ukimwita mtani umemfanya mgeni.

"Wakinitaka watanitumia mtu," Akida akasema. "Ng'ombe watachinjaje bila mimi?" Akakata simu.

Alhamisi alfajiri alioga, akavaa kanzu safi, akanoa kisu, akakizungushia kitambaa, akakaa kwenye benchi mlangoni. Nia alikuwa nayo. Alitaka kuitwa tu, hata na mtoto, hata kwa ishara ya mkono. Ile ishara ingemwambia kwamba amesamehewa, au kwamba yeye ndiye anayesamehe. Mwenyewe hakujua lipi. Saa mbili, saa nne, saa sita. Watu walipita kuelekea msibani, wakamwona na kanzu yake, wakadhani anakuja nyuma yao.

Saa nane alipita Ayubu, muuza mahindi, mwenzake wa msikitini, akitokea huko.

"Wamechinja wenyewe," Ayubu akasema. "Sisi tumeondoka bila kula. Umeona sasa?"

"Si nilisema?" Akida akajibu. Na Mungu amsamehe, kwa dakika moja alifurahi, kwa sababu alikuwa ameshinda ubishi.

Saa kumi walimzika Masele. Akida alisikia nyimbo zao akiwa ndani, mlango ameufunga.

Siku ya tatu moyo ulimshinda. Akavuka uwanja mikono mitupu. Uani kwa Masele wageni walikuwa wachache, na Rhoda alikuwa anaosha masufuria. Alipomwona akasimama, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nilisikia mmechinja mapema."

Hakujua kwa nini alianza na hilo. Rhoda alimtazama.

"Mapema? Baba mdogo, ng'ombe alikuwa amefungwa pale kwenye mwarobaini tangu alfajiri. Tulikuwa tunakusubiri. Watu wameshinda na njaa, kina mama maji yamechemka yamekauka, mama anasema subirini, atakuja. Saa saba wajomba wakasema basi."

"Mbona hamkunitumia mtu?"

"Baba alikataa."

Akida akahisi amepigwa kofi. "Alikataa nisije?"

"Alikataa usiitwe. Alisema akiwa hospitali: 'Akida msimwite. Mkimwita mtakuwa mmemtukana. Mtani wangu atakuja mwenyewe, ataruka kaburini, na msimpe hata senti, mwacheni akae humo mpaka achoke.' Akacheka, kikohozi kikamshika, tukamwekea tena ile mashine ya hewa."

"Mashine ya hewa?"

"Kifua, baba mdogo. Vumbi la mawe, la tangu anachimba. Mwaka mzima alikuwa hawezi kutembea na kuongea kwa wakati mmoja. Akitoka hapa kwenda sokoni, akisimama tu kuongea, pumzi inakata. Aliona aibu watu wajue, biashara ya ng'ombe ingemfia. Hukujua?"

Hakujua. Angejuaje, na hakuuliza? Mkono ule uliokuwa ukiinuliwa kidogo kila asubuhi ulikuwa ndiyo salamu yote ambayo kifua cha Masele kingeweza kuibeba, naye akaipokea kama tusi mwaka mzima.

"Na lile neno langu la kahawani?" akauliza.

Rhoda akainamia sufuria. "Baba alisema ni hasira tu, una mdomo kama Wazaramo wote." Akaisugua kidogo. "Mama ndiye liliyemwumiza."

Sesilia akatoka ndani, amejifunga kanga nyeusi. Hakulia, hakugomba. Angegomba Akida angeshukuru. Alimkaribisha kiti kizuri, kile wanachopewa viongozi, ambacho katika miaka yote hiyo Akida hakuwahi kukikalia, kwani kwake ilikuwa gogo la jikoni karibu na Masele. Akamnawisha mikono. Akamwekea ugali na bakuli lililofunikwa, akalifunua mwenyewe ili aone kilichomo.

"Ni maharage, shemeji," akasema kwa upole. "Sufuria nimenunua mpya, haijawahi kupikiwa nyama yetu. Kula bila wasiwasi. Sasa tunajua, hatutakukosea tena."

Akida alitaka kumwambia kwamba hakumaanisha, kwamba kosa ni lake, kwamba arudishiwe gogo lake. Lakini mwanamke yule alikuwa ameshamaliza kuongea naye, anatazama kando kama tunavyowafanyia wageni ili wale kwa uhuru. Akamega tonge. Aliyala maharage yote, peke yake, kwenye sahani yake peke yake.