Mshale wa Mwalimu Kimotho

Wacha niwaambie habari za Mwalimu Kimotho, maana akijieleza mwenyewe mtadhani ndiye aliyeunda kompyuta. Anafundisha programu katika chuo kidogo hapa Kericho, ghorofa ya pili, juu ya duka la mbolea. Miaka kumi na tisa, daftari moja. Lina jalada la plastiki na doa la chai.

Somo analoringia ni lile la kukatiza. Yaani programu yako ya lugha ya C inauambia mfumo wa kompyuta: simama kwanza, nifanyie hili. Unaita namba thelathini na tatu, unatia namba moja mahali ndani ya kompyuta panapoitwa AX, na mshale wa mausi unatokea kwenye skrini. Kimotho anasoma kwa sauti, wanafunzi wanaandika. Ukisahau hata alama moja, umeanguka. Kwenye mashine hawaendi, ati zina virusi. Virusi gani hivyo vya miaka kumi na tisa, jameni?

Mwaka huu akaja Chepngetich, binti wa mkulima kutoka Ndanai. Kiwanda kimoja cha chai kilikuwa kimemwahidi kazi akileta cheti. Akaiandika ile programu kwenye laptop yake, ikakataa hata kufunguka. Akamwambia Kimotho mbele ya darasa, kwa heshima kabisa:

"Mwalimu, imekataa. Nimesoma kwamba Windows za siku hizi haziruhusu programu kukatiza mfumo namna hii."

"Ni wewe unafunza ama ni mimi?" Kimotho akafoka. "Umekosea kunakili. Ijumaa uniletee ikifanya kazi, la sivyo cheti usahau!"

Mimi nafundisha chumba cha pili, na ukuta wetu ni mbao. Nilisikia kila neno. Debe tupu liache lipige kelele, nikajiambia.

Ijumaa nikaenda kusimama mlangoni, sitadanganya, nilitaka kuona akiaibika. Chepngetich alikuwa ameweka kwenye laptop programu inayojifanya kompyuta ya zamani.

"Nimeandika vile ulisoma, Mwalimu. Sijabadilisha hata herufi."

Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na katikati mshale ukatokea.

Kimotho akainama. Akaisukuma mausi kidogo, mshale ukasogea. Akaondoa mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Kumbe ni mweupe," akasema.

Ala! Miaka yote hiyo anaringa nao, na hajawahi kuuona! Darasa zima likaangua kicheko. Akamtilia Chepngetich sahihi ya cheti bila kuinua macho, na mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Kisha nikarudi darasani kwangu. Nikafungua daftari langu, lile nililonakili kwa Kimotho nilipokuwa mwanafunzi wake, akanipa alama tisini na sita. Namba thelathini na tatu, moja kwenye AX. Wanafunzi wangu walikuwa wameshika kalamu, wananingoja.

Nikasoma.